Leon Fleisher: Mpiga Piano Aliyelazimika Kufundisha kwa Maneno

Habari za Leon Fleisher husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mkono uliopotea na kurejea, lakini mimi ninayefundisha piano navutiwa zaidi na miaka ya katikati, wakati mkono ulipokuwa umekataa.

Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928, na akiwa na umri wa miaka 9 alipokelewa kuwa mwanafunzi na mpiga piano mashuhuri Artur Schnabel, ambaye alifundishwa na Leschetizky, naye Leschetizky na Czerny, mwanafunzi wa Beethoven mwenyewe. Mwaka 1952 alishinda mashindano ya Malkia Elisabeth mjini Brussels, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, kisha akarekodi konserti (tungo za piano na okestra) za Beethoven na Brahms pamoja na kiongozi George Szell na okestra yake ya Cleveland. Hizo ndizo rekodi ninazowasikilizisha wanafunzi wangu kabla ya nyingine zote.

Katikati ya miaka ya 1960 vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja kuelekea kiganjani. Ugonjwa huo huitwa distonia: misuli ni mizima, ila ubongo huiamrisha vibaya, hasa katika kazi ileile ambayo mtu ameizoea mno. Akabaki na tungo za mkono wa kushoto, kama konserti ambayo mtunzi Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyekatwa mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliongoza okestra pia. Na alikuwa na darasa lake katika chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, alikofundisha tangu mwaka 1959.

Mwalimu mwenye mikono miwili mizima ana njia ya mkato: humwinua mwanafunzi, akakaa mwenyewe, akapiga, na mwanafunzi akaiga. Fleisher aliikosa njia hiyo, ikambidi aeleze muziki unaelekea wapi, noti ipi ibebe uzito, na kimya kidumu kwa nini. Anayeelezwa hulazimika kuitafuta sauti mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu André Watts, Yefim Bronfman na Jonathan Biss, wote wanafunzi wake, hawafanani hata kidogo wanapopiga.

Sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, zilimlegezea vidole katika miaka ya 1990, ingawa hakupona kabisa, na mwaka 2004 akatoa albamu ya mikono miwili. Darasa hakuliacha hata baada ya kurejea jukwaani. Alifariki Baltimore mwezi Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 92.