Je, wajua kwa nini akili humficha mtu ukweli ambao yenyewe inaujua?

Daktari anamweleza mgonjwa, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba vipimo vimeonyesha saratani na kwamba matibabu yanapaswa kuanza mapema. Mgonjwa anasikiliza kwa makini, anaitikia kwa kichwa, anauliza hata maswali mawili matatu, kisha anatoka na kumwambia ndugu aliyemsindikiza kuwa hakuna tatizo lolote, bila shaka maabara imechanganya sampuli. Hasemi uongo, kwa maana anaamini kila neno analolitamka. Hata hivyo, kuna sehemu ya akili yake iliyoupokea ujumbe, ikaupima uzito wake, ikaona kwamba haubebeki kwa siku ile, ikaufungia mlango kabla haujafika pale ambapo angeweza kuuhisi. Kwa zaidi ya miaka 130 wanasaikolojia wamekuwa wakijiuliza inawezekanaje akili moja ilijue jambo na papo hapo isilijue, na ni faida gani inayoitafuta kwa kufanya hivyo.

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Vienna, Austria, kwa daktari wa magonjwa ya neva, Sigmund Freud. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1894, Freud alieleza kuwa baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na afya njema ya akili hadi siku walipokutana na wazo au kumbukumbu ambayo nafsi zao hazikuweza kuivumilia, wakajitahidi kuisukuma mbali. Jitihada hiyo ilifaulu nusu tu. Wazo liliondoka, lakini hisia iliyofungamana nalo ilibaki bila makao, ikajitokeza mwilini kama ganzi au maumivu yasiyo na chanzo cha kitabibu, au ikajishikiza kwenye wazo jingine lisilo na hatia hadi mtu akawa mtumwa wa wazo hilo. Freud aliliita tendo hilo la kusukuma mbali kujihami. Mwanzoni aliamini kwamba wasiwasi ni matokeo ya hisia zilizokandamizwa, lakini mwaka 1926 alikubali kuligeuza wazo lake mwenyewe juu chini: wasiwasi ni king'ora ambacho nafsi hukipiga inapohisi hatari inakuja, na mbinu za kujihami ndizo zinazoamka kuitikia. Mgonjwa wetu, kwa mtazamo huo, alisikia king'ora na mlango ukafungwa kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Aliyeifanya mada hii ieleweke kwa mpangilio ni binti yake wa mwisho, Anna Freud, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuingia katika uchanganuzi wa nafsi, yaani tiba ya mazungumzo aliyoiasisi baba yake, na nadhani ualimu huo ndio uliompa jicho la kuona kile ambacho wengine walikipita. Mwaka 1936, baba yake alipotimiza miaka 80, alimzawadia kitabu alichokiandika kuhusu ego na mbinu zake za kujihami. Ego ni ile sehemu ya nafsi inayolazimika kupatanisha matamanio ya ndani, masharti ya dhamiri na hali halisi ya ulimwengu, na Anna alionyesha kwamba hutumia njia nyingi kuliko kusahau peke yake. Mfano mmoja wa kitabu hicho haunitoki akilini. Msichana mdogo aliogopa kupita ukumbini gizani kwa hofu ya kukutana na mzuka. Siku moja akaanza kuupita bila tatizo, huku akifanya ishara za ajabu kwa mikono, na baadaye akamfichulia mdogo wake siri yake: hakuna haja ya kuogopa, alisema, jifanye tu kuwa wewe ndiye mzuka ambaye ungeweza kukutana naye. Anna aliiita mbinu hiyo kujifananisha na mtesi, na ndiyo inayosaidia kueleza kwa nini mtoto anayepigwa nyumbani anaweza kuwa mpigaji wa wenzake shuleni.

Ni muhimu hapa kutenganisha kujihami na werevu wa kawaida. Waliosema mkono usioweza kuukata, ubusu, walikuwa wakishauri hila inayofanywa kwa kujua: anayeubusu mkono anafahamu fika kwamba angependa kuukata. Katika mbinu ya kujihami, anayebusu anaamini kwamba anampenda mwenye mkono, na chuki yake imefichwa mbali naye kuliko ilivyofichwa mbali na watu wengine. Wanasaikolojia huiita hali hiyo mwitikio wa kinyume, na dalili yake huwa ni kuzidisha: heshima iliyopita kiasi, upole usiopumzika.

Mbinu nyingine lugha yetu ilizitambua kabla saikolojia haijazipa majina. Sungura aliyeruka mara kadhaa akashindwa kuyafikia matunda, kisha akaondoka akisema "sizitaki mbichi hizi", alikuwa akijihalalishia, yaani akitafuta sababu inayokubalika ili aibu ya kushindwa isimguse. Jambo linalofanana na hilo lilionekana katika jaribio maarufu la wanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger na James Carlsmith, mwaka 1959. Wanafunzi walifanya kazi ya kuchosha mno kwa muda wa saa nzima, kisha wakaombwa kumwambia mtu anayefuata kwamba kazi hiyo inapendeza. Waliolipwa dola 20 kwa uongo huo waliendelea kuiona kazi haina mvuto, ilhali waliolipwa dola 1 tu ndio waliosema baadaye kwamba waliifurahia. Dola 20 ni sababu ya kutosha ya kusema uongo, lakini dola 1 haitoshi, kwa hiyo akili ililazimika kuibadilisha imani yenyewe. Festinger alilieleza jambo hilo kwa nadharia yake ya mgongano wa mawazo, yaani ule usumbufu unaompata mtu imani yake inapopingana na tendo lake, bila kumhitaji Freud, lakini sungura angejitambua humo.

Methali ya nyani haoni kundule nayo inakaribia ile mbinu ya kuwapachika wengine hisia zetu wenyewe, ingawa saikolojia inakwenda hatua moja mbele. Nyani wa methali halioni la kwake. Mtu anayejihami hivi huliona, lakini huliona limekaa kwa mwenzake. Mume anayesumbuliwa na tamaa ya kutoka nje ya ndoa huanza kumshuku mkewe bila ushahidi wowote, na shaka hiyo humpa nafuu ya ajabu, kwa kuwa hatia iliyokuwa ndani yake sasa imepata mtu wa kushtakiwa. Ipo pia ile ya kuihamisha hasira kutoka kwa mkubwa asiyeguswa hadi kwa mtoto asiyeweza kujitetea, na ile ya kurudia tabia za utotoni wakati wa shida. Hizo kila mtu amewahi kuziona.

Kama akili inaweza kujikinga hivi, mbona anayejihami bado anateseka? Ni kwa sababu ulinzi huu una gharama. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba watu wasifikirie dubu mweupe kwa dakika tano na wapige kengele kila anapowajia akilini. Kengele ziliendelea kulia, na waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa mwanzoni. Lile lilikuwa katazo la makusudi, tena la jambo lisilomuumiza mtu yeyote. Bado linaonyesha kwamba kulizuia wazo ni kazi isiyokoma, maana anayelizuia lazima aendelee kulichungulia ili ajue kama limerudi.

Haimaanishi kwamba kila ulinzi ni ugonjwa, na hapa ndipo wengi wanaosoma mada hii kwa mara ya kwanza hupotoka. George Vaillant, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitumia kumbukumbu za utafiti uliowafuatilia wanaume 268 tangu wakiwa wanafunzi wa chuo hicho, utafiti ulioanza mwaka 1938, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1977 alizipanga mbinu hizi kwa ngazi nne, kuanzia zile zinazomtenga mtu kabisa na uhalisia hadi zile alizoziita pevu. Miongoni mwa zile pevu kuna ucheshi, kuwasaidia wengine, kuugeuza msukumo mkali kuwa kazi yenye manufaa, na kuliahirisha jambo gumu kwa kujua hadi wakati wake. Wanaume waliozitumia zaidi hizo walikuwa na mafanikio makubwa zaidi kazini na katika uhusiano wao na watu. Walikuwa wanaume tu, tena wa chuo kimoja, na hilo linapunguza upana wa matokeo. Lakini wazo kwamba ulinzi hukua pamoja na mtu limebaki imara.

Sasa mchukulie mjane aliyefiwa na mumewe miezi mitatu iliyopita. Hajalia tangu mazishi, anafanya kazi usiku na mchana, anaueleza ugonjwa uliomuua mumewe kwa ufasaha wa daktari, na kila jioni anamfokea binti yake kwa makosa madogo. Akiingia katika chumba cha ushauri nasaha, atakachokutana nacho kitategemea sana nadharia ambayo mshauri amelelewa nayo.

Mshauri wa mkondo wa Freud ataitambua ngao mara moja: huzuni imegeuzwa kuwa maelezo makavu, na hasira dhidi ya marehemu aliyemwacha imehamishiwa kwa binti. Hatamwambia hivyo siku ya kwanza. Atangoja hadi mjane amfokee na yeye mshauri, kwa mfano siku mshauri atakapoahirisha miadi, ndipo amsaidie kuona hasira hiyo inatoka wapi.

Carl Rogers, Mmarekani aliyeijenga nadharia inayomweka mteja katikati, alikubali kwamba watu hukana na kupotosha mambo yanayotishia picha waliyonayo kuhusu nafsi zao. Tofauti yake na Freud ilikuwa katika dawa. Ngao huvaliwa kwa sababu ya tishio, kwa hiyo liondoe tishio na mwenyewe ataivua. Katika makala yake ya mwaka 1957 alisisitiza mshauri amwelewe mteja kwa kuingia katika hali yake, amkubali bila masharti, na awe mkweli katika hisia zake mwenyewe. Huenda mjane huyu alikuzwa akisifiwa kwa ushupavu, akajifunza kwamba anayelia hapendwi. Akikaa mbele ya mtu ambaye heshima yake haipungui kwa machozi, sababu ya kuyazuia inadhoofika. Mimi naiona hii kuwa hoja nzito kuliko zote, kwa kuwa inamwachia mteja mamlaka juu ya mlango wake.

Wafuasi wa nadharia ya tabia hawahitaji kuzungumzia kilichofichika. Kwao, kila mjane anapokimbilia kazi, uchungu hupungua kidogo, na nafuu hiyo ndiyo thawabu inayoiimarisha tabia ya kukimbia. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1958 jinsi ya kumsogeza mtu hatua kwa hatua kuelekea kile anachokiogopa huku akiwa ametulia. Kwa mjane, hatua ya kwanza ingeweza kuwa kuitazama picha ya mumewe kwa dakika chache. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, naye alianza kama mchanganuzi wa nafsi, akachunguza ndoto za wagonjwa wa sonona akitarajia kukuta hasira iliyogeuziwa ndani kama Freud alivyofundisha, akakuta mada za hasara na kushindwa. Akaacha kuitafuta hasira iliyozikwa, akaanza kuchunguza mawazo yanayopita haraka akilini. Angemuuliza mjane anajiambia nini sekunde ile kabla ya kumfokea binti, na huenda jibu likawa: nikianza kulia sitanyamaza kamwe. Wazo la namna hiyo linaweza kupimwa.

Pamoja na tofauti zao, hakuna mkondo miongoni mwa hii unaomruhusu mshauri kuivunja ngao kwa nguvu. Anayeambiwa ghafla "wewe unakana" hujihami maradufu, kwa kuwa sasa ana hatari mbili, ile ya ndani na ile iliyokaa mbele yake. Kwa mjane kuna nafasi ya kusubiri. Kwa mgonjwa wa saratani muda ni mfupi, na mshauri mwenye busara hatabishana naye kuhusu sampuli. Atakubali kwamba ni jambo zito kumhukumu mtu kwa kipimo kimoja, atampangia na daktari kipimo cha pili wiki hiyohiyo, kisha atamuuliza angependa nani awe naye siku ya kupokea majibu.