Bosi si admini

“Kampuni ni yangu, mfumo wa kompyuta utaninyimaje ruhusa?” Unakunyima vizuri tu. Mfumo haujui nani kaweka mtaji, unajua akaunti. Kwenye ofisi moja ya utalii jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha, mama mwenye kampuni alihangaika nusu siku akitaka kumfanya mhasibu wake mpya kuwa admini, yaani msimamizi wa mfumo. Kila akibonyeza: huna ruhusa. Kumbe admini mkuu alikuwa bado yule kijana aliyefungua mfumo, ambaye alishaacha kazi na kuhamia Moshi. Tukampigia, muungwana, akalogini na kukabidhi cheo dakika hiyohiyo. Angekuwa kaondoka kwa ugomvi, mama angebaki kuwathibitishia wenye programu kwamba kampuni ni yake, karatasi kwa karatasi.

Ndiyo maana, likitokea kosa hili, mimi humwangalia kwanza anayetoa cheo, si anayepewa. Kwenye Microsoft 365, huduma ya barua pepe na programu za ofisi, anayefungulia wafanyakazi akaunti kila siku bado hana uwezo wa kumpa mtu cheo cha juu kabisa.

Wengine huona ruhusa haijafanya kazi, wakafuta akaunti waanze upya. Usifute! Mwambie atoke alogini tena, kisha subiri. Google wenyewe wanasema kwenye mfumo wao mabadiliko ya vyeo vya admini yanaweza kuchukua hadi saa 24.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: “Mpe admini kamili, yaishe.” Mhasibu aliyeshindwa kuidhinisha ankara anahitaji ruhusa ya ankara, basi. Ukimpa kila kitu, anaona mishahara na nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Microsoft wanashauri wenye cheo cha juu kabisa wasifike 5. Tena mara nyingine kuongeza vyeo hakusaidii kitu: kwenye ERPNext, programu ya kuendeshea biashara, mtu aliyefungiwa tawi la Moshi hataiona ankara ya Arusha hata umrundikie vyeo kumi. Kinachotakiwa ni kuondoa kile kizuizi cha tawi.

Basi abaki admini mmoja tu? Hapana, wawe angalau wawili. Mama yule sasa anaye admini mwenzake, maana namba za kuthibitisha wakati wa kulogini zinaingia kwenye simu ya mama mwenyewe, na simu hiyo ameshaisahau kwenye daladala mara mbili.