Sensa ya mwendokasi wa gia boksi: pima kwanza, nunua baadaye

Shoveli inagoma kutoka gia ya 2, au greda inarudi nyutro yenyewe katikati ya kazi, na kwenye skrini kuna msimbo wa hitilafu unaotaja sensa ya mwendokasi, yaani kifaa kinachosoma kasi ya shafti za gia boksi. Wengi huagiza sensa mpya siku hiyohiyo. Ikifika inafungwa, msimbo unafutwa, mashine inarudi kazini, na kabla ya jioni msimbo umerudi. Sisi tunaofundisha ufundi wa mitambo mizito tunalisikia hili mara nyingi mno, na linauma, kwa sababu multimita na subira kidogo vingetosha kuonyesha ubovu ulipo.

Msimbo haukutajii kifaa kibovu. Unakutajia mzunguko ambao kompyuta ya gia boksi haikuridhika nao, na humo mna sensa, soketi, waya, ethi (njia ya umeme kurudi) na ile gia yenye meno inayosomwa na sensa. Kwenye mashine zinazotumia SAE J1939, mfumo wa mawasiliano kati ya kompyuta za mashine, namba 191 ni mwendo wa shafti ya kutokea na 161 ni wa shafti ya kuingilia. Lakini namba inayofuata, ambayo wengi hawaiandiki, ndiyo yenye habari. Ikiwa 3, volti zimepanda kupita kiasi; 4, zimeshuka; 5, mzunguko umekatika; 6, mkondo umezidi au waya umegusa bodi; 8, mipigo si ya kawaida; 2, taarifa zinayumba. Mwenye 5 anatafuta waya uliokatika au pini iliyorudi nyuma ndani ya soketi. Mwenye 8 anaanza kwenye ncha ya sensa na meno yake. Ukipigiwa simu kwamba mashine imesimama, omba namba zote mbili.

Halafu muulize opereta inatokea lini. Yeye ndiye aliyekuwa ndani, na jibu lake huokoa kazi kubwa. Akisema inatokea mashine ikiruka kwenye mashimo, fuata waya, hasa pale unapopita kwenye kiungo cha katikati ambapo mashine hujikunja, na pale unaposuguana na bomba za haidroliki. Akisema asubuhi iko salama na inaanza oili ikishapata moto, mshuku koili ndani ya sensa: waya wake mwembamba ukipasuka huweza kugusana ukiwa baridi na kuachana ukitanuka. Sensa ya namna hiyo ukiipima baada ya mashine kupoa itakudanganya.

Akisema mwendo unasoma sifuri mashine ikiondoka taratibu, kisha unarudi ikishika kasi, hapo inabidi ujue una sensa ya aina gani. Yenye waya mbili kwa kawaida ni ya sumaku na koili. Kila jino likipita mbele ya ncha, koili huzalisha umeme mdogo wa AC (unaobadili mwelekeo), na umeme huo hupungua kadiri shafti inavyokwenda polepole au nafasi kati ya ncha na jino inavyokuwa kubwa. Nafasi ikizidi, mwendo mdogo haufiki kwenye kompyuta. Yenye waya tatu mara nyingi ni ya Hall, yaani yenye kijisakiti kinachohisi sumaku. Hii hulishwa umeme na hutoa ishara ya juu na chini yenye kimo kilekile, shafti iende taratibu au kasi.

Kabla ya kushika chochote, shusha bakuli au bleidi chini, funga breki ya maegesho, weka vigingi kwenye matairi, na kama mashine inajikunja katikati, ingiza pini yake ya kufungia. Kipimo kinachohitaji mashine izunguke kifanywe kwa nyaya ndefu zinazofika kabini. Mtu asikae chini ya mashine inayounguruma, hata kwa dakika moja.

Sensa ya koili ipime omu ikiwa imechomolewa kwenye soketi. Kiwango sahihi kinatoka kwenye kitabu cha mashine yako, kwa kuwa zipo za mamia ya omu na zipo za maelfu. Pima tena kati ya kila pini na mwili wa sensa: hapo pasiwe na njia kabisa. Kisha irudishe, weka multimita kwenye AC, na uone volti zikipanda shafti ikizunguka. Sensa ya Hall usiipime omu, haitakuambia lolote la maana. Chomoa soketi, washa swichi, utafute umeme wa kuilisha upande wa waya unaotoka kwenye kompyuta, ambao kutegemea mashine ni volti 5, 8, 12 au 24, halafu hakikisha ethi. Vikiwepo vyote viwili, unganisha tena na uzungushe shafti taratibu uone ishara ikiruka kutoka chini kwenda juu. Usitoboe ganda la waya kwa ncha ya multimita. Maji huingia kwenye kitundu hicho, na baada ya miezi shaba inageuka kijani ndani kwa ndani.

Ukiitoa sensa, angalia ncha yake kabla ya kuipangusa. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida ulionaswa na sumaku, usafishe. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, suala si sensa tena, na filta ya oili ifunguliwe siku hiyohiyo, kwani kuna beringi au gia inayoliwa. Unaporudisha sensa ya nyuzi, yaani inayofungwa kwa kuzungushwa kama bolti, chungulia tunduni kwanza na uzungushe shafti hadi jino liwe katikati. Ingiza kwa vidole mpaka iguse jino, kisha irudishe nyuma kama kitabu kinavyosema, mara nyingi kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja. Kwenye nyuzi za milimita 1.5, nusu mzunguko ni milimita 0.75. Kaza nati huku umeishikilia sensa isizunguke nayo. Anayeifunga ncha ikiwa kwenye bonde kati ya meno mawili ataipoteza mara mashine ikiondoka, maana jino la kwanza litaikwangua.

Kuna hali moja inayowapotosha hata mafundi wazoefu: sensa inaposema kweli. Kompyuta hulinganisha mwendo wa kuingia na wa kutoka. Kwenye gia yenye uwiano wa 4 kwa 1, mizunguko 1,600 kwa dakika inayoingia inapaswa kutoka 400. Ikisomeka 320, ama sensa inaruka meno ama klachi inateleza. Badilisha gia uone. Kasoro ya sensa ya kutokea hujitokeza katika gia zote, wakati klachi inayoteleza huonekana kwenye gia zinazoitumia tu, na pengo huongezeka mzigo ukizidi. Kama gia inayosomwa ina meno 60, hesabu ni rahisi: mipigo kwa sekunde ni sawa na mizunguko kwa dakika, kwa hiyo multimita yenye kipimo cha mipigo itakuthibitishia moja kwa moja.

Kama gia boksi ina sensa mbili zinazofanana kabisa, zibadilishane nafasi. Msimbo ukihama, umeipata sensa mbovu. Ukibaki palepale, rudi kwenye waya na meno. Na baada ya matengenezo yoyote, futa msimbo kisha irudishe mashine kwenye hali ileile aliyoitaja opereta, oili ikiwa ya moto, bakuli likiwa na mzigo, kwenye njia ileile yenye mashimo, kabla ya kusaini kwamba imepona.