Yanayosemwa kuhusu michango ya jamii, na yaliyo kweli

Huu ni mwaka wa saba nashika daftari la mfuko mdogo wa jamii. Mweka hazina husikia mengi, kwa sababu kila unapopitisha mchango watu hukwambia wanavyoelewa suala zima la kutoa. Yapo maneno ninayoyasikia mwaka baada ya mwaka, na mengi yanasemwa kwa nia njema kabisa. Lakini yanatugharimu. Mtu anaacha kutoa, au anatoa kwa njia isiyosaidia, na jirani aliyekuwa na shida anabaki nayo.

"Kutoa ni kwa wenye nacho"

Hili nalisikia zaidi kutoka kwa watu ambao tayari wanatoa bila kujihesabu. Mama anayekesha na mgonjwa asiye wake, kijana anayewafundisha watoto wa jirani hesabu kila jioni bila malipo, wote huniambia, "Mimi sina cha kuchangia."

Kuanzia 2010, shirika la Charities Aid Foundation la Uingereza lilikuwa likipanga nchi kwa ukarimu kwa kuwauliza watu mambo matatu tu: mwezi uliopita ulimsaidia mtu usiyemjua? Ulitoa pesa? Ulijitolea muda wako? Wengi wangetarajia nchi tajiri zitangulie. Indonesia iliongoza mwaka 2018, kisha tena 2021 hadi 2024. Kenya ilishika nafasi ya pili 2021 na 2024. Miaka ya katikati ya muongo wa 2010, aliyekuwa juu ni Myanmar. Orodha hiyo haikuhesabu ukubwa wa kiasi kilichotolewa, ilihesabu ni wangapi waliotoa.

Na kwa jamii, wingi huo ndio wenye nguvu. Mfuko wenye watoaji 200 wa kidogo kidogo hautetereki mmoja akihama au akiugua. Mfuko wa mtu mmoja unaishi kwa afya na hali ya moyo wa mtu huyo. Zaidi ya hapo, aliyetoa, hata kama ni kidogo sana, huja mkutanoni na kuuliza zimekwendaje. Maswali yake ni ulinzi ambao hakuna pesa inayoweza kuununua.

"Akija mfadhili mkubwa, vijisenti vyetu vya nini?"

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii imeua mifuko mingi. Tetesi zikienea kwamba mfadhili yuko njiani, michango husimama wiki hiyo hiyo.

Andrew Carnegie, tajiri wa viwanda vya chuma, aligharamia maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali kati ya 1883 na 1929. Kati ya hizo 1,689 ziko Marekani. Watu wengi wanajua habari ya pesa zake, wachache wanajua masharti. Mji uliotaka maktaba ulitakiwa kutoa kiwanja, halafu kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa, kwa ajili ya kuiendesha: mishahara, vitabu, ukarabati. Jengo lilikuwa lake kulijenga, uhai wa jengo ulikuwa juu ya wenyeji. Ipo miji iliyokataa zawadi yake, na ugumu wa ahadi hiyo ulikuwa sababu mojawapo.

Alielewa jambo ambalo kila mweka hazina analijua. Kujenga huvutia wafadhili, kutunza hakuvutii mtu. Kisima kinachimbwa kwa siku chache, watu wanapiga picha, wanashukuru, wanaondoka. Miaka minne baadaye bomba linagoma kwa sababu ya mpira mmoja uliochakaa, na wakati huo mfadhili ana mradi mwingine mahali pengine. Mpira ule hununuliwa na vijisenti. Kama jamii ilivunja mfuko wake siku mfadhili alipofika, hakuna wa kuununua. Ndiyo maana naamini kwamba mfadhili mkubwa akija, huo ndio wakati wa kuongeza michango ya ndani, hata kama ni kwa kiasi kidogo.

"Misaada huzaa uvivu"

Hofu hii siipuuzi, kwa sababu anayeisema mara nyingi ametoa na ameumia. Lakini imepimwa. Mwaka 2017 wachumi akiwemo Abhijit Banerjee, ambaye miaka miwili baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, walichambua programu saba za kuwapa maskini pesa taslimu katika nchi sita, kuanzia Honduras hadi Ufilipino. Hawakukuta ushahidi kwamba waliopokea walipunguza kufanya kazi. Utafiti mwingine ulifanyika vijijini Siaya, Kenya, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Kila dola iliyoingia ilizungushwa mpaka ikazaa zaidi ya dola mbili za shughuli katika uchumi wa pale pale. Hata kaya ambazo hazikupewa kitu zilinufaika, kwa kuwa waliopewa walinunua kwa majirani na kuwapa vibarua.

Kitu kimoja nimekishuhudia mezani kwangu. Mjane mmoja, fundi cherehani, mashine yake iliharibika, na mfuko ulilipia matengenezo. Miezi minane baadaye alikuja jioni, akaweka noti mbili zilizokunjwa juu ya meza, akasema, "Niandike." Nikamuuliza kama anarudisha tulichompa. Akasema hapana, kile kilikuwa chake, hiki ni cha mwingine. Daftari letu lina kurasa mbili zinazotazamana: kushoto waliopokea, kulia waliotoa. Nilipomaliza kuandika jina lake upande wa kulia aligeuza daftari, akalitafuta jina lake la kushoto kwa kidole, akaliona, akanirudishia. Tangu hapo hajawahi kukosa mwezi.

Kwa hiyo mgawanyo wa watoaji huku na wapokeaji kule, ambao dhana hii imejengwa juu yake, mimi siujui. Katika daftari langu ni watu wale wale, kila mmoja kwa zamu yake.

Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliwahi kulipanga hili kwa makusudi. Alipofariki mwaka 1790 aliachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, zikopeshwe mafundi vijana waliooa na wasiofikisha miaka 25, kwa riba ya asilimia 5, kila mkopaji akiwa na wadhamini wawili wa kuaminika. Yeye mwenyewe aliweza kufungua kiwanda cha uchapaji kwa mkopo wa marafiki. Mkopo ukirejeshwa, anapewa kijana mwingine. Miaka 200 baadaye mfuko wa Boston ulikuwa na takriban dola milioni 5 na wa Philadelphia takriban milioni 2.

Wosia huo una funzo la pili, ambalo hutajwa mara chache. Masharti yalifungwa mno. Utaratibu wa kujifunza ufundi chini ya bwana mmoja ulififia, na wakopaji wenye sifa alizozitaja wakaadimika. Mwaka 1914, mwanabenki Frederick Goff alianzisha Cleveland Foundation huko Marekani akilenga tatizo la aina hiyo: zawadi za watu wengi wa mji ziwekwe pamoja, na kamati ya wenyeji iwe na uwezo wa kubadili matumizi pale lengo la awali linapopitwa na wakati. Mifuko ya jamii iliyoenea duniani leo imeiga mpango huo. Kama mnaandika katiba ya mfuko wenu, wekeni kifungu cha namna hiyo tangu mwanzo. Sisi tulikisahau, na tuliwahi kukaa na pesa za ada za mtoto aliyekwisha kumaliza shule, tukibishana kama tunaruhusiwa kumlipia mwingine.

"Ukikosa pesa, leta vitu. Chochote kitafaa"

Hakifai chochote. Kati ya 1992 na 1996, wakati wa vita vya Bosnia na Herzegovina na mara baada yake, dunia ilipeleka dawa kwa huruma, na watafiti walikadiria kwamba tani 17,000 kati ya hizo hazikuwa na matumizi: zilizokwisha muda, zisizotambulika, zisizolingana na magonjwa yaliyokuwepo. Kuziteketeza kukawa mzigo mpya kwa watu waliokwishaelemewa. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa dawa, na moyo wa mwongozo huo ni kwamba mpokeaji ndiye anayesema anachohitaji. Baada ya tsunami ya 2004 katika Bahari ya Hindi, nguo zilirundikana ufukweni bila mtu wa kuzivaa.

Mchango wa karibu una nafasi nzuri hapa, kwa sababu aliye karibu anaweza kuuliza. Muulize mwenyewe, kwa faragha, bila hadhira. Usipoweza kuuliza, toa pesa.

"Kila senti imfikie mlengwa"

Mtu akiniambia hivi namwonyesha risiti za nauli. Kumtembelea mgonjwa kabla ya kumsaidia ni gharama, kukagua hesabu ni gharama, daftari ni gharama. Mwaka 2013 mashirika matatu makubwa ya Marekani yanayotathmini taasisi za hisani yaliwaandikia watoaji barua ya wazi, yakiwasihi waache kupima ubora wa taasisi kwa udogo wa gharama zake za uendeshaji. Cha kuuliza ni kazi gani imefanyika.

"Maafa makubwa ni kazi ya serikali, si ya majirani"

Nusu ya kwanza ni kweli. Hospitali, barabara na mishahara ya walimu haviwezi kusimama juu ya michango, na jamii inayochanga haipaswi kuacha kudai haki yake. Lakini tetemeko la Kobe, Japani, Januari 17, 1995, liliua zaidi ya watu 6,400, na wengi wa waliotolewa hai chini ya vifusi walitolewa na familia zao na majirani kabla vikosi vya uokoaji havijafika. Majirani walijua nani analala chumba gani. Ujuzi wa namna hiyo hauji siku ya tetemeko. Unakuja kwa kutembeleana, kwa kupeleka mchango mlango kwa mlango, kwa kujua kwamba nyumba ile ya mwisho kuna mzee asiyesikia vizuri.

"Sisi tunajuana, hesabu za nini?"

Dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, maana inavaa sura ya upendo. Anayeomba risiti anaonekana amemtukana mwenzake.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia mali kwa pamoja: mifereji ya umwagiliaji, misitu, malisho, maeneo ya uvuvi. Katika jamii zilizodumu na mali hiyo kwa vizazi, alikuta watu wanaojuana vizuri sana na bado wana wakaguzi, wakaguzi hao wanawajibika kwa watumiaji wenyewe, adhabu zinaanza ndogo na kupanda taratibu, na kuna mahali pa karibu pa kumaliza ugomvi. Naona hayo yote yanahusu mfuko wa michango. Kuaminiana kwao kuliendelea kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuthibitisha.

Kwetu tunasoma daftari kwa sauti kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na maombi tuliyoyakataa pamoja na sababu. Majina ya waliopokea hayasomwi, inasomwa namba ya ombi, ili mtu asiaibike mbele ya watoto wake. Mkutano uliopita kijana mmoja alisimama akauliza kwa nini mwezi mmoja una nauli mbili. Ukumbi ulinyamaza. Nilimpelekea risiti zote mbili pale alipokuwa amesimama, akazisoma tarehe, akaona ni safari mbili kwa wagonjwa wawili, akanirudishia, akakaa. Ajenda iliyofuata ilikuwa kuchagua mkaguzi mpya, na jina la kwanza kupendekezwa lilikuwa la yule kijana.