Je, wajua? Ua la kwenye kipilefti linavyozuia saratani kuzaliana

Ukipita Tanga, Mombasa au Dar es Salaam utaliona kwenye bustani za manispaa na katikati ya vipilefti: ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, mara nyingi lina jicho jekundu katikati, na majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wauza miche huliita vinka. Asili yake ni Madagaska. Linavumilia jua kali na ukame, linachanua karibu mwaka mzima, na mifugo hulikwepa kwa uchungu wake.

Wengi wamesikia kwamba vinka ni dawa ya saratani, na hapo ndipo habari inapopindwa. Husimuliwa kana kwamba wazee waliijua dawa hiyo tangu zamani, wanasayansi wakaja kuithibitisha, kwa hiyo chai ya majani ni sawa na sindano ya hospitalini. Si kweli. Kuanzia Jamaika hadi Ufilipino, mmea huu ulisifiwa kwa kushusha sukari mwilini. Ndiyo sababu mwaka 1952 daktari wa Kanada, Clark Noble, alitumiwa kutoka Jamaika bahasha yenye majani 25, ambayo wenyeji waliyachemsha kutibu kisukari. Akampa ndugu yake Robert, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Panya walinyweshwa maji ya majani yale, sukari haikutikisika. Walipodungwa sindano, wakafa kwa maambukizi ya bakteria: chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zilikuwa zimeporomoka. Robert Noble akaona jambo kubwa katika vifo vile. Kitu kinachofyeka chembe nyeupe huenda kikaifyeka saratani ya damu, ambamo chembe hizo huzaliana bila breki. Yeye na mkemia Charles Beer wakatenga kutoka kwenye majani kemikali waliyoiita vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, waliokuwa wakiuchunguza mmea huohuo, wakapata nduguye, vinkristini.

Dawa hizi zinafanyaje kazi? Seli inapojigawa lazima igawanye kromosomu zake, yaani vifurushi vya vinasaba, sawasawa, na huzivuta kwa nyuzi nyembamba zilizoundwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini. Mtazame msusi wa mkeka. Ukili wake hurefuka kwa kuongezewa chane nchani, moja baada ya nyingine. Pachika pale nchani chane mbovu isiyoshikana na nyingine: msusi anakwama, ukili haurefuki tena. Vinblastini na vinkristini hujibandika hivyo hivyo kwenye ncha za nyuzi za tubulini. Kromosomu zinabaki zimesimama, kazi haiishi, na seli iliyokwama katikati ya kujigawa hatimaye hufa.

Dawa haiichagui saratani kwa jina. Hukamata zaidi seli zinazojigawa kwa kasi, na mizizi ya nywele imo humo. Ndiyo maana nywele hunyonyoka. Neva nazo husafirisha mahitaji yao kwa kutumia nyuzi hizo hizo, hivyo mgonjwa anayetibiwa kwa vinkristini anaweza kuhisi ganzi vidoleni. Pamoja na hayo, vinkristini imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu, na iko kwenye matibabu ya limfoma ya Burkitt, saratani ya taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda.

Kuhusu chai, tahadhari. Majani yana alkaloidi (kemikali kali za mimea) zaidi ya 100, kadhaa ni sumu, na ushahidi wa kisukari kwa binadamu ni mwembamba. Dawa yenyewe imo kwa kiasi kidogo mno: mamia ya kilo za majani makavu hutoa takriban gramu moja ya vinblastini.

Uhaba huo una sababu ya ajabu. Vinblastini huundwa kwa molekuli mbili, katharanthini na vindolini, na mmea huzitenganisha: ya kwanza hurundikana kwenye nta ya juu ya jani, ya pili hubaki ndani ya seli. Zinakutana kwa nadra. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha kazi yao ya kubadili vinasaba vya hamira hadi ikatengeneza molekuli zote mbili, kisha wakaziunganisha wenyewe maabarani.