Nyiragongo: Wengi hutazama kileleni tu

"Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, hushuka kutoka kileleni, kwa hiyo anayeutazama mlima wa volkano ataiona ikija." Picha za usiku za kasoko lenye wekundu ndizo zinazoilisha dhana hii. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa Nyiragongo, volkano iliyo mashariki mwa Kongo, ulipasuka. Nyufa zikateremka hadi Munigi, mlangoni mwa mji wa Goma, na lava ikachomoza huko chini, jirani na nyumba za watu. Ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaishia Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakivukia Gisenyi, Rwanda.

Na si wote waliokufa waliunguzwa na lava. Makumi waliangamia siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka huku watu wakichota mafuta na mawe yakiwa bado ya moto.

"Lava ni nzito, mtu huikimbia kwa miguu." Kwa milima mingi ni sawa. Lava ya Nyiragongo ina silika (madini yanayoifanya lava kuwa nzito) kidogo mno, hutiririka kama uji mwepesi. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilikauka kwa muda usiozidi saa moja, na kwenye miteremko mikali kasi ya lava ilikadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Huko hakuna mbio za kukuokoa.

Kuna wanaoamini lava ikigusa tu Ziwa Kivu, ziwa litalipuka. Mwaka 2002 iliingia na gesi haikulipuka, maana methani na kaboni dioksaidi zimeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, zikibanwa na uzito wa maji yaliyo juu. Kinachohofiwa ni mlipuko wa volkano chini ya ziwa lenyewe. Ndiyo sababu sehemu ya Goma ilihamishwa Mei 2021, magma (mwamba ulioyeyuka ambao bado uko ardhini) iliposogea chini ya mji.

Mlima ukitulia je? Mazuku haitulii. Ni kaboni dioksaidi itokayo ardhini. Nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, hujikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu.

Rutuba nayo husifiwa haraka mno. Majivu ya kale yanazaa sana, lakini lava mpya ni mwamba mtupu: kuvu-mwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) hutangulia, kisha mimea midogo, na udongo wa kulimika huchukua miaka mingi. Wakazi wa Goma hawakusubiri. Waliivunja lava ya 2002 kuwa mawe ya ujenzi, wakajenga juu yake.