Kilimanjaro, Everest na Kiuno cha Dunia

Kilele cha Everest kiko mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Uhuru, kilicho juu kabisa Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Hata hivyo, lau kamba ingeweza kuvutwa kutoka kitovu cha dunia hadi kwenye kila kilele, kamba ya Kilimanjaro ingezidi ile ya Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna kosa la upimaji hapo. Vimo viwili vya kwanza vimehesabiwa kuanzia baharini, na bahari yenyewe haiko umbali ule ule kutoka kitovuni kila mahali.

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake mbili na kutuna kiunoni, yaani kwenye ikweta. Kutoka kitovuni hadi usawa wa bahari ni takriban kilomita 6,378 penye ikweta, lakini ni kilomita 6,357 tu penye ncha. Kilimanjaro kiko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, hivyo kimesimama juu ya mtuno huo, wakati Everest kiko karibu nyuzi 28 kaskazini, mahali ambapo usawa wa bahari umekwisha kushuka kwa karibu kilomita 5. Unaoishinda milima yote kwa kipimo hiki ni mlima Chimborazo wa Ekwado.

Mfano wa kuilinganisha dunia na chungwa, unaopendwa madarasani, unafaa, ila unatia chumvi. Katika tufe la darasani lenye kipenyo cha sentimita 30, tofauti kati ya kipenyo cha ikweta na kile cha ncha ingekuwa milimita 1, na hakuna mwanafunzi ambaye angeiona kwa macho.

Chanzo cha mtuno huo ni mzunguko. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake mara moja kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo mtu aliyesimama Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, husafirishwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na aliye kwenye ncha hugeuka tu papo hapo alipo. Miamba tunayoiona kuwa migumu hulegea inapobanwa na uzito mkubwa kwa muda mrefu, ndiyo maana sayari nzima imejipatia umbo linalokubaliana na uvutano na mzunguko kwa pamoja.

Dalili ya kwanza ilitolewa na saa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, na saa yake ya timazi, nayo ikawa inachelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Isaac Newton, katika kazi yake ya mwaka 1687, alieleza kwamba uvutano hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, na uvutano ukipungua timazi ya saa huyumba polepole zaidi. Ubishi kuhusu umbo la dunia ulimalizwa na misafara iliyotumwa Peru mwaka 1735 na Lapland mwaka 1736, ambayo vipimo vyake vilionyesha kwamba digrii moja ya latitudo ni ndefu zaidi karibu na ncha, ishara kwamba dunia imebonyea huko.

Kasi ya mzunguko penye ikweta ina faida yake, kwani roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa nayo tayari. Ni moja ya sababu zilizowavuta Waitalia kujenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambako satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya.

Athari nyingine iko sokoni. Mizani ya springi iliyorekebishwa London, ikiletwa Mombasa bila kurekebishwa upya, itasoma gunia la kilo 100 likiwa na upungufu wa zaidi kidogo ya gramu 300, ingawa hakuna aliyechota chochote. Mizani za kielektroniki nazo huathirika vivyo hivyo, na ndiyo maana zile za usahihi mkubwa hurekebishwa mahali zinapotumika. Mizani ya zamani ya sahani mbili haina tatizo hilo, kwa kuwa uvutano unaolipunguzia uzito gunia huyapunguzia uzito na mawe ya mizani kwa kiwango kile kile.